Namba 213

Jumamosi nilikuwa natafuta kadaftari fulani kwa ile droo ya kila kitu, mnajua ile, nikashika simu yangu ya zamani nikapata imevimba, mgongo umeachana na kioo kama mandazi imepasuka kando. Nikainusa. Usinuse, si nzuri, lakini mimi ni mazoea. Harufu ilikuwa ile ile, tamutamu, kama rangi ya kucha.

Kijana akaniuliza, "Mama, imekula nini?"

Nikamwambia imezeeka. Akafikiria. "Na hakuna mtu ameitumia?"

Hilo swali nimelisomea miaka miwili na bado nilishindwa kumjibu vizuri, nikaishia kumwonyesha ile ganda nyeupe ndani ya birika, nikamwambia kwa betri kuna ngozi kama hiyo inajijenga polepole, inameza lithiamu kidogo kidogo, na ikishamezwa hairudi tena kazini, na hiyo kazi inaendelea hata simu ikiwa imelala tu. Akasema basi tuioshe na ndimu. Na yeye ana akili kushinda watu wengine nilikaa nao kwa lab.

Sasa hiyo harufu. 2016, lab yetu ndio ilikuwa imeanza kutoka kwa betri za asidi, zile kubwa za sola zinahitaji watu wawili kuinua, kuingia mambo ya lithiamu. Pesa ya seli mpya hakuna. Kwa hivyo Prof ananituma Luthuli, ile barabara ya maduka ya umeme hapa Nairobi, nanunua betri za laptop zilizokufa, narudi na mfuko kwa matatu nikiomba Mungu, tunapasua plastiki, ndani unapata zile seli za 18650, yaani milimita 18 upana na 65 urefu, kidole gumba cha mtu mnene. Sita ndani, moja ama mbili ndio zimekufa, zingine zimeponzwa tu na jirani. Kazi yangu ilikuwa kujua hizo zilizobaki zina maisha gani: unachaji hadi volti 4.2, unaimaliza hadi 3, unarudia, unarudia, unaandika kila mara imebeba kiasi gani. Mzunguko mmoja ni kama masaa manne na nusu. Usiku na mchana.

Mashine nilijitengenezea na rilei za bei ya chini, zile swichi zinajiwasha na kujizima zenyewe, na kakioo kadogo cha kijani kanahesabu mizunguko. Data ilikuwa inaingia kwa kompyuta ya zamani, kwa dirisha lililokuwa wazi tu. Ku-save? Nilikuwa nitasave ikifika 250. Msinitazame hivyo. Zilikuwa zimepita siku arobaini stima haijapotea hata mara moja, Nairobi hii, na hiyo peke yake ingetosha kunishtua.

Jumanne tarehe 7 Juni, saa tano na nusu hivi. Nakumbuka nilikuwa nimeinama kuangalia kakioo kwa sababu rilei ilikuwa imetoka tu kulia *tak*, inamaanisha imemaliza kuchaji, na ikaandika 213. Nikaitazama. Sijui kwa nini niliitazama sana, labda kwa sababu ilikuwa namba nzuri. Halafu kijani ikafifia. Haikuzima ghafla, ilififia kama mtu anafunga macho, na feni ya kompyuta ikashuka sauti, ikashuka, ikanyamaza, na hapo ndio nikasikia vitu sijawahi kusikia kwa hiyo lab: saa ya ukutani, ndege nje, mtu anaburuta kiti ghorofa ya juu. Nilikuwa bado nimeinama. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga UPS. Ndio, UPS, ile boksi ya betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, tulikuwa nayo, chini ya meza. Betri yake ilikufa kabla mimi nijiunge, barua ya kuomba ingine ilikuwa kwa meza ya mtu inangoja sahihi, kwa hivyo mimi nilikuwa naitumia kuwekea miguu.

Mzee wa stoo akachungulia mlangoni na kikombe chake. Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akaangalia UPS.

"Lakini si nyinyi ndio watu wa betri?"

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza tu. Ingekuwa kheri angecheka.

Nchi nzima ilikuwa giza, na jioni tukaambiwa ni tumbili. Tumbili alipanda paa ya stesheni ya umeme ya Gitaru, akaangukia transfoma, mitambo ikazimika, megawati zaidi ya 180 zikaenda. Na akapona! Watu walicheka wiki mzima. Mimi pia nilicheka, na stima iliporudi nikaenda kuwasha mashine, kakioo kakaandika 1.

Nilirudia. Nikafika 96, deadline ikafika. Na nilikuwa na daftari, kwa sababu kila Jumatatu nilikuwa naandika kwa kalamu uwezo wa seli, tabia ya shule ya msingi tu. Nikachukua hizo namba, nikachora laini moja nyororo kutoka 1 hadi 213. Nukta sikuweka. Nikamuuliza Prof kama ni sawa, hakusema ndio hakusema la, alisema Ijumaa ni Ijumaa. Kwa maandishi ya chini niliandika "data ilikatizwa". Mtahini aliisifu hiyo grafu, eti ni safi.

Sikuendelea na utafiti. 2019 yule mzee wa betri za lithiamu, John Goodenough, alipopewa Nobel ya kemia na wenzake Whittingham na Yoshino, akiwa na miaka 97, rafiki yangu wa lab alinitumia message: huyu kazi yake ya Oxford ni ya 1980, wewe bado hujachelewa. Nikamjibu na emoji. Siku hizi boda za umeme zinanipita kimya Ngong Road na najua lab imekua, wana mashine za maana, naskia hata UPS inafanya kazi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa hapo aliniandikia. Ana heshima sana, ananiita Madam. Anapima seli za boda zilizochoka na anataka kulinganisha na yangu, kwa hivyo anaomba data ya ile grafu, ile ya 213, sio ya 96. Nilimwambia ngoja niitafute.

Daftari nimeipata, ilikuwa chini ya hiyo simu. Ina doa la chai na namba sita. Nimezihesabu mara mbili. Simu nimeiweka kwa sufuria ya mchanga huko kwa balcony, na kijana anaenda kuichungulia kila asubuhi. Email bado sijajibu.