Mkoba nimeuweza, makaa bado

Jana niko sokoni Darajani na mkoba wangu wa ukili begani, muuza samaki keshatia changu zangu kwenye mfuko mweusi hata sijasema kitu. Nikamwambia kaka mfuko sitaki. "Dada huu bure!" Mfuko wenyewe wa plastiki huku kwetu Zanzibar marufuku tokea 2006, Bara wamekuja kupiga marufuku yao 2019, lakini chini ya meza haukosekani.

Sasa msinione mwema sana. Mkoba rahisi, umenunua mara moja basi, na watu wakikuona nao wanakusifu. Jikoni ndo pananishinda. Mama kazaliwa Pemba, kwao huko kuna mabonde ya mpunga bahari imeshaingia, ardhi imeshika chumvi mpunga hauoti tena, na anajua vizuri tu kuwa mkoko ndo unaozuia mawimbi yasile pwani na mule mizizini ndo kamba na visamaki vinapokulia, haya yote kanifundisha yeye. Lakini polo la makaa likifika mlangoni swali la kwanza, "ya mkoko haya?" Maana ya mkoko mazito, yanakaa na moto, maharage yanaiva bila kuongeza.

Mwaka jana nikamnunulia gesi, mtungi mdogo wa kilo 6. Chai anapikia, samaki anakaangia. Wali wa nazi hataki hata kusikia, "gesi yako ina moto wa juu? Wali nitaukaushaje?" na kweli, kwenye seredani makaa yako chini na mengine juu ya mfiniko, gesi utayaweka wapi. Halafu makaa unanunua kwa kopo, una elfu moja leo unapika leo, gesi inataka pesa yote kwa mkupuo na sijui kwa nini mtungi lazima uishe tarehe 25 mshahara bado.

Tulichokubaliana mpaka sasa ni vifuu. Nyumba yetu haipiti siku bila nazi, na vifuu vyote tulikuwa tunatupa jaani! Sasa tunavianika, vinawaka vikali hasa, moshi mwanzoni tu (nguo zilizoanikwa zitoeni mapema), na polo lililokuwa haliwezi kumaliza mwezi siku hizi linavuka.

Ila juzi nimesikia anamwambia yule kijana wa makaa apite usiku, mimi nikishalala.