Maji Yaliyochemkia Nyuzi 94

Kundi la kwanza lilisoma nyuzi 94. La pili likasoma 94 na nusu. La tatu lilipata 95, likaongeza moto, likangoja, likasoma tena 95 ile ile. Minong'ono ikaanza kwamba themometa za maabara ni mbovu. Lilikuwa darasa la kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), vipindi viwili mfululizo asubuhi ya mwezi wa Agosti, Mbeya mjini, na kila mmoja mle ndani alikuwa amekariri tangu kidato cha kwanza kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100.

Mada ilikuwa mchoro wa hali za maada: ule wenye jotoridi kwenye mhimili wa mlalo, mgandamizo kwenye mhimili wa wima, na mistari mitatu inayokutana kwenye nukta moja. Ubaoni hapakuwa na mchoro wowote. Mwanafunzi akipewa mchoro uliokamilika kabla ya jambo lingine lolote, anakariri maeneo matatu, yabisi huku, kimiminika pale, gesi kule, na mistari anaiona kama mipaka tu ya kutenganisha majina. Kumbe habari yote iko kwenye mistari. Kila nukta ya mstari ni mahali ambapo hali mbili zinaweza kukaa pamoja bila moja kuimaliza nyingine, na kulala au kusimama kwa mstari kunaeleza mgandamizo unasogeza jotoridi hilo kwa kiasi gani. Ndiyo maana tulianza na bika, tukaacha mchoro uje wenyewe.

Kila kundi lilikuwa na bika ya mililita 250 yenye maji mililita 150, vipande vichache vya kigae cha chungu ili maji yasichemke kwa kuruka, na themometa ya nyuzi -10 hadi 110 iliyoshikwa na stendi. Balbu izame kabisa lakini isiguse kitako cha bika, kwa sababu kioo cha chini kina joto kuliko maji na usomaji utapanda. Kundi lililopata 95 tulikuta balbu imekaa chini. Walipoiinua sentimita moja, ikashuka hadi 94 na nusu.

Shaka juu ya themometa tuliijibu kwa barafu. Tuliponda barafu, tukaijaza kwenye bika nyingine, tukaongeza maji safi ya kujaza nafasi katikati ya vipande, tukakoroga na kusubiri. Barafu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja haifai kwa kazi hii: inaweza kuwa na nyuzi -10 au chini zaidi, na usomaji wake hausemi lolote mpaka vipande vilowe. Themometa zote zilisoma sifuri, au karibu nayo kwa nusu nyuzi. Hazikuwa mbovu. Hapo ndipo swali la siku lilipoandikwa ubaoni: kwa nini barafu ya Mbeya inayeyuka kwa nyuzi zile zile za Dar es Salaam, lakini maji ya Mbeya hayachemki kwa nyuzi za Dar es Salaam?

Niliwapa jedwali la mgandamizo wa mvuke wa maji na karatasi ya grafu. Kwa nyuzi 50 mvuke una mgandamizo wa kilopaskali 12.3; kwa 60, 19.9; kwa 70, 31.2; kwa 80, 47.4; kwa 90, 70.1; kwa 100, 101.3; kwa 120, 198.5. Skeli ilikuwa sentimita moja kwa nyuzi 10 upande wa mlalo, na sentimita moja kwa kilopaskali 10 upande wa wima. Nukta ziunganishwe kwa mkono, kwa mkunjo mmoja laini. Anayeziunganisha kwa rula, kipande kwa kipande, atakosea akisoma thamani zilizo katikati ya nukta.

Kisha kila kundi likaweka nukta yake lenyewe. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ina mgandamizo wa karibu kilopaskali 83. Kijana mmoja alikuja na namba nyingine, hektopaskali 1,018, yaani kilopaskali 101.8, aliyoisoma kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Kosa hili ni la kawaida na inafaa kulisubiri. Mgandamizo unaotangazwa katika taarifa za hali ya hewa kwa kawaida umesharekebishwa ufanane na wa usawa wa bahari, ili miji ya milimani na ya pwani iweze kulinganishwa. Hewa iliyokuwa ikigusa maji yetu haikuwa na mgandamizo huo. Kwa 83, nukta ya nyuzi 94 na nusu ilikaa juu ya mkunjo wao barabara. Kwa 101.8 ingeanguka kando.

Mstari wa kuyeyuka haukuhitaji jedwali, ulihitaji namba moja tu. Ili barafu iyeyuke kwa nyuzi moja chini ya sifuri, mgandamizo unapaswa kuongezeka kwa kilopaskali 13,500 hivi. Nikawaambia wauchore kwa skeli yao. Wakapiga hesabu: kusogea milimita moja kushoto, mstari upande mita 13 na nusu. Kwenye karatasi yao ulikuwa umesimama wima kabisa. Swali la ubaoni likajijibu. Tofauti ya mgandamizo kati ya Mbeya na Dar es Salaam ni kilopaskali 18 hivi. Kwenye mstari wa kuyeyuka inasogeza jotoridi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi, ambayo themometa ya shule haiwezi kuiona. Kwenye mstari wa kuchemka, karibu na nyuzi 95, kila nyuzi moja inadai kilopaskali tatu na ushee tu, hivyo tofauti ile ile inashusha nyuzi tano na nusu.

Hesabu hiyo ya skeli ina faida ya pili, na nadhani ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nukta ya utatu ya maji, ambapo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja, iko kwenye nyuzi 0.01 na kilopaskali 0.61. Kwenye karatasi yetu ilikuwa juu ya mhimili kwa zaidi kidogo ya nusu milimita, unene wa ncha ya penseli. Nukta kikomo, ambapo mstari wa kuchemka unaishia, iko kwenye nyuzi 374 na kilopaskali 22,060 hivi. Karatasi ingepaswa kuwa na urefu wa mita 22. Mchoro wa kitabuni umevutwa na kubanwa ili vyote vionekane kwenye nusu ukurasa, na mstari wa kuyeyuka umelazwa kushoto kupita kiasi ili mwanafunzi auone. Ukichukua rula ukapima juu yake bila kutazama namba za mihimili, utapata majibu ya ajabu. Mchoro wa namna hiyo husomwa kwa nukta zilizoandikwa thamani na kwa mwelekeo wa mistari.

Kuusoma kwenyewe tulikufanya kwa kidole. Weka rula ya mlalo kwenye kilopaskali 83, anza kushoto, nenda kulia: huko ni kupasha joto bila kubadili mgandamizo. Mahali kidole kinapokata mstari, hali inabadilika. Baadhi yao waliuliza sehemu tambarare ya grafu ya kupasha joto iko wapi, ile ambapo jotoridi linasimama wakati barafu inayeyuka au maji yanachemka. Grafu hizo mbili huchanganywa kila mwaka kwa sababu ya mihimili: kwenye ile, jotoridi liko wima na muda au nishati iko mlalo, kwenye hii, jotoridi liko mlalo na muda haupo kabisa. Sehemu tambarare yote, jouli 2,260 za kuvukiza kila gramu, inabanwa kuwa nukta moja juu ya mstari. Kidole kinasimama hapo mpaka tone la mwisho liishe, ndipo kiendelee.

Kwa njia ya wima tulitumia bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Vuta mililita tano za maji ya nyuzi 70, geuza ncha juu, sukuma hewa yote itoke, ziba ncha kwa kifuniko cha mpira, kisha vuta mpini kwa nguvu. Maji yanachemka papo hapo, ingawa hakuna moto. Kwa nyuzi 70 inatosha mgandamizo ushuke chini ya kilopaskali 31. Kwa maji ya nyuzi 50 lazima ushuke chini ya 12, na povu dogo la hewa lililobaki ndani linatosha kuharibu jaribio. Povu hilo linapovutwa linapanuka, mwanafunzi anaandika kwamba maji yamechemka. Namna ya kutofautisha ni kuachia mpini: mvuke unarudi kuwa maji na povu linatoweka, lakini hewa inabaki.

Tulikuwa tumebakiza robo ya muda pale binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliponyosha mkono. Nje kulikuwa na nguo za bweni kambani. "Mwalimu, kwa nyuzi 20 na kilopaskali 83 mchoro unasema kimiminika tu. Sasa zile nguo zinakaukaje?"

Mwalimu asipite juu ya swali hili, kwa sababu asiyelijibu hajauelewa mchoro. Tulifuta ubao, tukachora chombo kilichofungwa, chenye maji pekee, bila hewa hata chembe. Mchoro wetu ni wa chombo hicho. Mgandamizo ulioandikwa kwenye mhimili wa wima ni wa maji na mvuke wake, na hewa haimo. Chombo hicho kikiwa na nyuzi 20, maji chini na mvuke juu, mgandamizo ndani utakuwa kilopaskali 2.3 na nukta yake itakaa juu ya mstari. Ukibana mvuke huo kwa pistoni hadi 83, wote utageuka maji, na hapo mchoro unasema kweli: kimiminika tu.

Nguo kambani haziko ndani ya chombo hicho. Zimezungukwa na hewa ambayo sehemu kubwa yake ni naitrojeni na oksijeni, na hizo haziingii kwenye hesabu ya mvuke. Kinachohusika ni mgandamizo wa mvuke wa maji peke yake ndani ya hewa hiyo. Agosti ya Mbeya ni kavu. Tuseme mvuke uliomo una kilopaskali 1. Maji ya nguo yenye nyuzi 20 yanaweza kutoa mvuke mpaka ufike 2.3, basi yanaendelea kuvukiza hadi nguo ikauke. Msimu wa mvua, mvuke uliomo hewani ukiwa karibu na 2.3, nguo zinashinda kambani hazikauki, na jotoridi ni lile lile.

Hapo likaja swali la pili, nalo ni la haki: kama hewa haihesabiwi, kwa nini mgandamizo wa hewa ndio ulioamua maji yachemke kwa 94 na nusu? Jibu liko ndani ya povu. Povu la kuchemka linazaliwa katikati ya maji, na ndani yake kuna mvuke mtupu. Ili lisibonyezwe likafa, mvuke huo lazima usukume kwa nguvu inayolingana na hewa inayokandamiza maji kwa juu. Ndani ya povu ndimo mchoro unamofanya kazi, na hewa ya nje inaweka tu kiwango ambacho mvuke lazima ukifikie. Kuvukiza kunafanyika juu ya uso, hakuhitaji povu, na kwa hiyo hakungoji kiwango hicho. Binti aliandika maneno mawili pembeni ya grafu yake, "uso" na "povu", akachora mshale kutoka kila moja.

Dakika za mwisho tulizitumia kwa kabonidayoksaidi, kwa sababu mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ukutani kwetu. Nukta yake ya utatu iko kwenye nyuzi -56.6 na angahewa 5.1 (angahewa moja ni kilopaskali 101.3). Mstari wa mlalo wa angahewa moja unapita chini ya nukta hiyo, kwa hiyo haugusi eneo la kimiminika popote. Yabisi inageuka gesi moja kwa moja kwa nyuzi -78.5. Ndiyo sababu mtungi ukifunguliwa hutoa theluji na wala hautoi maji maji. Nukta kikomo iko kwenye nyuzi 31 tu. Kwa nyuzi 20 za maabara yetu, ndani ya mtungi kulikuwa na kimiminika na gesi pamoja kwa angahewa 57 hivi, na mgandamizo huo haushuki kadiri unavyotumia, ilimradi kimiminika kipo na jotoridi halijabadilika. Nikawauliza kwa nini mtungi ule hauna geji wakati ule wa unga, uliokuwa koridoni, unayo. Kundi la nyuma lilijibu kabla sijamaliza kuuliza: geji ingesoma 57 mtungi ukiwa umejaa, na 57 ukiwa umebakiza kikombe.

Kwa hiyo mtungi wa namna hiyo hukaguliwa kwa mizani. Tuliushusha, tukasoma uzito uliogongwa kwenye shingo yake, na vijana wawili wakaubeba kwenda stoo ya jiko, kwenye mizani ya kupimia maharage.