Gololi ya theluji ya Neema, kutoka Vienna mpaka Tabata

Tangu niweke status ile picha ya Neema ameshika gololi yake ya theluji watu kama kumi hivi wameniuliza niliifikishaje Dar ikiwa nzima, wengine wana ndugu zao Ujerumani huko wanataka kuagiza na wao, sasa kumwandikia kila mtu majibu yaleyale nimechoka, naomba niieleze hapa yote. Na sio stori fupi maana hii ni ya pili. Ya kwanza ilibaki njiani na mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni duara la kioo limejazwa maji, ndani kuna kanisa dogo au nyumba au mti, chini lina kitako, ukiligeuza kichwa chini ukalirudisha vinaanza kushuka vipunje vyeupe taratibu kama theluji inaanguka. Jina la Kiswahili sijawahi kulisikia, Neema aliiona kwenye katuni akaiita gololi ya theluji na sisi nyumbani tukashika hilohilo.

Nilipopata kozi ya wiki mbili Vienna, Austria, mtoto ana miaka 6, watoto wenzake wakisafiriwa wanaagiza chokoleti na viatu vya taa, yeye akaniambia baba niletee theluji. Nikamwambia theluji inayeyuka mama, lakini ile gololi nitakuletea. Niliahidi mbele ya bibi yake kabisa.

Sasa kosa la kwanza nilisema sitaki kuinunua mjini, nitainunua uwanja wa ndege nikishapita ukaguzi, maana kila mtu anajua vitu vya maji havipiti. Na hapo nilikuwa sahihi nusu. Nikainunua dukani kule ndani, yule dada muuzaji akaiweka kwenye mfuko wa plastiki ule unaofungwa kwa gundi, risiti ikaonekana kwa nje, akanionyesha kwa kidole maandishi kwamba usifungue mpaka ufike mwisho wa safari. Mimi nimepanda ndege nimekaa nikaanza kuwaza hiki kitu kipo uchi humu, kitagongana na laptop, kitapasuka. Nikachana mfuko, nikaizungushia sweta langu mara tatu, nikairudisha kwenye begi la mkononi nikalala usingizi mzuri kabisa.

Kwenye uwanja wa kuunganisha ndege tukapitishwa ukaguzi upya. Hili wengi hawalijui, ukibadilisha ndege sehemu nyingi unakaguliwa tena hata kama hujatoka nje ya uwanja, na ule mfuko uliofungwa ndio ushahidi wako pekee kwamba kitu kilinunuliwa sehemu iliyokaguliwa. Ukishauchana, risiti hata uwe nayo mkononi haisaidii, kimekuwa kitu cha maji kama kitu kingine chochote. Yule afisa aliishika, akaitikisa kidogo, akaiangalia theluji inavyoshuka, akatikisa kichwa akaiweka kwenye pipa la plastiki pamoja na chupa za maji na shampuu za watu. Nilimwambia ni ya mtoto. Hakuwa na ubaya, alisema pole. Nimefika Dar saa nane usiku terminal 3, nikiwa kwenye bajaji nawaza nitamwambia nini asubuhi.

Nimesoma baadaye kwa nini wanakuwa wagumu hivo. Mwezi wa nane 2006 polisi wa Uingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege zinazotoka London kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na toka hapo ndio ikaja ile sheria ya mililita 100, yaani chombo cha kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi hapo. Mashine za eksirei za zamani zinaona kwamba hapa kuna kimiminika, haziwezi kukuambia ni maji au ni kitu kingine. Na wanachohesabu ni ujazo wa chombo, sio kilichomo, chupa ya nusu lita yenye tone moja la mafuta ya nazi bado ni chupa ya nusu lita. Asali ya Tabora ni kimiminika. Siagi ya karanga nayo ni kimiminika kwa hesabu zao, mama zetu wanaotuma vitu kwa watoto walioko masomoni naomba mlishike hilo.

Gololi sasa tatizo lake haijaandikwa mililita popote. Nilikaa nikapiga hesabu, duara likiwa na upana kama sentimita 5.8 tu tayari linabeba mililita 100. Ile ya kwanza ilikuwa na upana wa sentimita 8, hiyo inaenda mililita 200 na zaidi hata ukitoa kile kikanisa cha ndani, kwa hiyo haikuwa na nafasi kabisa. Wamarekani wao toka 2012 wanaruhusu zile ndogo zisizozidi mpira wa tenisi, kitako kikiwemo, na iingie kwenye kale kamfuko ka zipu pamoja na vitu vyako vingine vya maji. Kuna viwanja vyenye skana mpya vimeanza kulegeza, lakini sisi wa Dar ukienda Ulaya mara nyingi unaunganisha, unaweza kuruhusiwa unakotoka ukanyang'anywa katikati. Ushauri wangu ni mmoja tu, iweke kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege, usibahatishe.

Lakini begi la chini ndilo linalorushwa jamani. Hapo ndio nikaenda kwa jirani yangu Mama Salum, yeye anafuata manukato na vyombo vya kioo Dubai anauza Kariakoo, miaka mingi sasa. Nikamwamkia nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Baba Neema, kioo hakitaki nafasi. Kikipata nafasi ya kucheza tu, kimekufa." Akaniambia ninunue pampasi.

Pampasi za mtoto, ndio. Anasema chupa ya manukato anaifunga mfuniko kwa selotepu, anaiingiza kwenye mfuko wa zipu, anatoa hewa, anaivalisha pampasi, halafu mfuko wa zipu mwingine juu. Pampasi inafanya kazi mbili, ni laini kwa hiyo inapokea kishindo, na kama kitu kikivuja inanyonya yote kabla haijafika kwenye nguo. Nimefikiria sana kwamba huyu mama hajasomea popote mambo ya ufungaji lakini kila kitu alichonieleza kina sababu yake. Aliniambia kitu kisikae pembeni ya begi wala karibu na matairi maana begi likitupwa linatua kwa pembe, kikae katikati kabisa, chini yake nguo na juu yake nguo, na visikae viwili vya kioo vinagusana hata kama vyote vimefungwa. Na ukishafunga begi linyanyue ulitikise kwa nguvu karibu na sikio, ukisikia kitu chochote kinatembea fungua uanze upya. Nilimuuliza stika ya kioo je, ile ya kubandika juu ya begi, akasema bandika lakini funga kama vile hakuna atakayeisoma.

Miezi minne baadaye nikarudi Vienna kumalizia sehemu ya pili ya kozi, na pakiti moja ya pampasi kwenye begi. Safari hii sikwenda duka la uwanja wa ndege. Mwenyeji wetu alinielekeza mtaa wa Hernals, wilaya ya 17, kwenye karakana ya ukoo wa Perzy, wanatengeneza hizi gololi toka mwaka 1900. Na asili yake ndio imenifanya niipende zaidi hii kitu. Erwin Perzy alikuwa fundi wa vifaa vya upasuaji. Taa za umeme za wakati ule zilikuwa hafifu, madaktari walitaka mwanga zaidi, akachukua wazo kwa mafundi viatu ambao walikuwa wanaweka duara la kioo lenye maji mbele ya mshumaa ili mwanga ukusanyike sehemu moja waone wanaposhona. Akajaribu kutia vipunje ndani ya maji ili ving'ae, vikawa vinazama polepole, akaona mbona hii ni theluji. Akaweka ndani kanisa dogo la Mariazell, kule kwao watu wanakwenda kuhiji. Taa ikasahaulika, wakabaki na theluji. Sasa hivi ni kizazi cha nne, na hiyo theluji yao inatengenezwa na nini ni siri ya familia.

Nilichagua yenye upana wa sentimita 8 tena, ileile saizi, yenye kanisa. Usiku hotelini nikaifunga kama nilivyofundishwa. Kwenye kitako chini kuna kizibo, hapo ndipo panapovujaga, nikazungushia nailoni ya jikoni na selotepu kwanza. Halafu zipu, pampasi mbili, zipu, jinzi mbili katikati ya begi, na kitenge nilichobaki nacho nikajazia pembeni. Nikatikisa, nikasikia kitu. Nikafungua, kumbe ni chaja tu, nikafunga tena.

Watu wanaogopa eti huko chini presha itapasua kioo. Sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria inajazwa hewa kama huku juu tulikokaa, inakuwa kama uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, yaani kama uko Njombe, na Njombe gololi haipasuki. Kinachotokea ni kwamba kile kipovu cha hewa kilichomo ndani kinatanuka, ndio maana vitu vyenye kizibo kilegevu vinavuja hata kama havijagongwa. Adui mkubwa ni kishindo. Na mifuko ya zipu usiiogope ukiingia Tanzania, marufuku ya toka tarehe 1 Juni 2019 ni ya ile mifuko ya plastiki ya kubebea, ya zipu ambayo msafiri anawekea vitu vyake vya kuogea inaruhusiwa.

Begi lilitoka kwenye mkanda likiwa na alama ya tope upande mmoja na kishikio kimelegea. Sikulifungua pale, niliogopa. Nimelifungua nyumbani sebuleni, Neema, mama yake na bibi wamekaa, nikatoa jinzi, nikatoa pampasi, zilikuwa kavu. Bibi akasema alhamdulillah kabla hata mimi sijaongea.

Neema aliigeuza akaiangalia kimya muda mrefu sana halafu akauliza, baba na Kilimanjaro inaanguka hivi hivi? Nikamwambia ndio, kule juu kabisa. Akasema basi tukienda hatubebi, tunaangalia tu.

Tumeiweka kwenye rafu ya vitabu, mbali na dirisha, hilo nalo ni muhimu na jua letu hili, duara la maji linakusanya jua kama lenzi na linaweza kuunguza pazia. Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, Neema akachukua simu ya mama yake akawasha tochi akaishika nyuma ya gololi. Ukutani pakatokea duara la mwanga na vivuli vya theluji vinatembea ndani yake, mwanga mkali kuliko tochi yenyewe, bibi akasogeza kiti akaleta shati langu lililokuwa limeng'oka kifungo, akatunga sindano hapohapo.