Kabla hujalipia kiwanja, omba kuona mchoro wa mipango miji

Ndugu zangu, barua ya serikali ya mtaa haitoshi, hata ikiwa na mihuri yote. Nilikwenda halmashauri, idara ya mipango miji, nikiwa na koordineti (namba zinazoonyesha mahali hasa) za kiwanja nilichotaka kununua, alizonichukulia mpima. Afisa akakunjua mchoro wa zamani, kingo zimechakaa, akaweka kidole: “Dada, hapa palipangwa eneo la wazi. Makazi yanaishia kule barabarani.” Nikamwomba aangalie kwenye jalada kama kuna aliyewahi kuomba kubadili matumizi, maana Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali. Hakuna! Na pale ndipo watoto wa mtaa wanapochezea mpira. Muuzaji nimemrudishia karatasi zake, na majirani tunaandika barua eneo liwekewe alama za mipaka.