Mama Aliyetaka Kuinuka Sakafuni

Fomu ya mteja mpya ilikuwa na visanduku vya malengo: kupunguza uzito, kujaza misuli, kuongeza stamina. Mama huyu aliviruka vyote, akaandika pembeni kwa mkono: "Nikikaa chini, niinuke mwenyewe."

Nilikuwa bado mgeni kwenye ualimu wa mazoezi. Kozi ilikuwa imenipa kanuni ya 220 kutoa umri, ndiyo mapigo ya juu ya moyo kwa dakika. Kwa umri wake wa miaka 66 nilipata 154. Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akataja ya presha, ya jamii ya beta-bloka, na hapo hesabu yangu ikakosa kazi, kwa sababu dawa hizo huyazuia mapigo yasipande. Saa ya mkononi ingesema hajaanza zoezi na huku anahema.

Daktari wake aliporidhia, tukatumia kipimo cha mazungumzo: mtu akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, zoezi ni la wastani. Kwake kilikuwa rahisi mno, maana alikuwa msimuliaji. Akinyamaza katikati ya umbea, napunguza kasi.

Tulianzia kwenye kiti. Mikono kifuani, visigino virudi nyuma kidogo, kifua kiiname mbele, ndipo asimame. Tatizo lake kubwa halikuwa mapaja. Alikuwa akibana pumzi kila anaposukuma, na kubana pumzi hivyo hupandisha presha ghafla. Nikawa namwambia apulize kama anayepoza chai. Mwenzangu wa zamu aliuliza kama siku hizi nimekuwa muuguzi. Nilimwacha. Watu wanadhani kazi hii ni kupiga kelele mbele ya vyuma, kumbe muda mwingi unauliza maswali na kutazama magoti ya watu.

Jumamosi moja asubuhi nikatandika mkeka. Alilala ubavu, akajisukuma kwa viganja hadi akawa kwa magoti na mikono, akatulia hapo. Nilikuwa nimeambaa naye, mikono tayari, bila kumgusa. Akaleta mguu wa kulia mbele, unyayo ukakaa wote chini. Kiganja juu ya goti. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Akapuliza kwa sauti hadi vijana wa benchi wakageuka, akasimama.

Nilitaka kumpongeza, lakini alishaanza kushuka tena. "Ngoja kwanza, mwanangu. Huenda imetokea kwa bahati."

Akainuka tena, safari hii kwa mguu wa kushoto, uliokuwa dhaifu.

"Haya," akasema akijifuta jasho, "sasa nifundishe kuinuka nikiwa na kitu mkononi. Mjukuu wangu nikimbeba hataki kuwekwa chini."

Nikamtafutia mfuko wa mchanga mwepesi kuliko yote, tukarudi kwenye kiti.