Kumbukumbu ya mradi wangu: kupiga picha za mandhari ndani ya bustani ya miti

Mradi wenyewe ni rahisi kuueleza. Nimechagua bustani moja ya umma yenye miti mingi, na huko tu ndiko ninakofanyia mazoezi ya picha za mandhari mpaka picha itoke vile nilivyoikusudia kabla ya kubonyeza kitufe. Hamna mlima wala ufuo. Kuna vijia, vichaka, kijito chembamba chenye daraja la mbao, na miti. Naandika nilikofikia kwa ajili ya yeyote anayeishi mbali na mandhari ya kwenye kalenda na anayedhani kwamba karibu naye hapana cha kupiga.

Kubwa nililojifunza mpaka sasa ni kwamba kazi ya mpiga picha msituni ni kutenganisha. Kwenye uwanda ulio wazi, mti mmoja umeshajitenga wenyewe na anga iko nyuma yake. Msituni vitu vimebanana: shina mbele ya shina, tawi limekatiza tawi, majani yamejaza kila upenyo. Karibu kila ninachofanya siku hizi, kuanzia saa ya kutoka nyumbani hadi lenzi ninayofunga kwenye kamera, kinalenga jambo hilo moja: mtazamaji aone mti huu ni huu na ule ni ule.

Kipindi cha mwanzo: jicho moja

Kipindi cha mwanzo nilikitumia kutembea tu, kamera ikiwa mfukoni. Zoezi langu kuu lilikuwa kufumba jicho moja. Macho yetu mawili yameachana kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila moja linauona msitu kutoka pembe yake, na ubongo unaitumia tofauti hiyo kupima umbali. Ndiyo maana mtu akisimama katikati ya miti anaona vizuri kabisa kwamba shina moja liko karibu na jingine liko mbali. Kamera ina lenzi moja. Umbali wote huo inaulaza kwenye ubapa mmoja, na msitu uliokuvutia ukiwa umesimama pale unageuka kuwa fujo ya matawi ukiwa kwenye skrini. Ukifumba jicho moja unaiona fujo hiyo kabla ya kupiga, na hapo ndipo unaanza kusogea.

Kusogea ndiyo kazi yenyewe. Nitoe mfano wa mti mmoja ulio karibu na lile daraja. Shina lake limeinama kuelekea kulia, gome limepasuka vipande vipande, na upande unaokaa kwenye unyevu umeota ukijani laini. Nyuma yake, mita chache tu, kuna mti mwembamba ulionyooka. Nikisimama katikati ya kijia, mashina hayo mawili yanagusana na kuwa kitu kimoja kizito kisicho na umbo. Nikisogea nusu hatua kushoto, ule mwembamba unajificha kabisa. Nikirudi kulia hatua moja, unafunguka upenyo wa mwanga kati yao, wenye upana wa kidole hivi kwenye skrini ya kamera, na ghafla mwinamo wa lile shina unaonekana, kwa sababu sasa una mstari ulionyooka wa kulinganishwa nao. Nikiishusha kamera hadi usawa wa goti, vichaka vya mbele vinapanda na kuuziba upenyo huohuo kwa chini. Yote hayo ndani ya eneo ambalo ningeweza kulifunika kwa mkeka.

Kuvuta zumu hakuwezi kufanya kazi hiyo. Uhusiano kati ya vitu vya karibu na vya mbali unaamuliwa na mahali uliposimama. Urefu wa lenzi unaamua tu ni kiasi gani cha mandhari kitaingia kwenye fremu. Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu: natafuta mahali kwanza nikiwa mikono mitupu, kisha nachagua lenzi, na tripodi inafunguliwa mwisho kabisa. Tripodi ikifunguliwa mapema, miguu inakuwa mizito kuhama.

Kuhusu lenzi sina mengi. Watu huambiwa mandhari ni lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, na kwenye bonde au ufukweni ni kweli. Humu ndani lenzi pana inakusanya kila kijiti. Ninayoitumia zaidi ni ndefu, ya milimita 70 hadi 200, inayovuta vya mbali, nikichagua kipande kidogo cha msitu chenye mpangilio. Lenzi pana naitoa ninapokuwa na kitu chenye nguvu karibu sana na miguu yangu, kwa mfano mizizi iliyojitokeza juu ya ardhi.

Kipindi cha ukungu

Hiki ndicho kipindi nilichokipenda kuliko vyote, na ningemshauri mtu yeyote anayejifunza akisubiri kwa hamu.

Ukungu wa asubuhi hupatikana baada ya usiku wa anga safi usio na upepo, hasa kama mvua ilinyesha siku iliyotangulia. Ardhi inapoteza joto lake usiku, hewa iliyoigusa inapoa, na mvuke uliomo unageuka matone madogo mno. Jua likipanda na kuipasha ardhi, yanatoweka. Kwa hiyo mimi huangalia utabiri jioni: anga wazi, upepo karibu hakuna, unyevu mwingi. Vikikutana vyote vitatu, naandaa begi kabla ya kulala.

Sababu ya kuupenda ni kwamba ukungu unarudisha kile ambacho lenzi moja imekiondoa. Matone yanatawanya mwanga, na kadiri mti ulivyo mbali ndivyo ukungu mwingi unavyokaa kati yako na mti huo. Basi shina la karibu linabaki jeusi, linalofuata linakuwa kijivu, la nyuma yake kijivu chepesi, na mengine yanafifia hadi weupe. Umbali unaonekana tena, ngazi kwa ngazi, bila hata kuhitaji macho mawili.

Kamera, ikiachwa iamue yenyewe, inauharibu uzuri huo. Kipima mwanga kimeundwa kikidhani kwamba wastani wa mandhari ni kijivu cha katikati, hivyo ukungu mweupe kinaushusha hadi kijivu kizito. Mimi huongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu au stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili), huku nikiitazama histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, isije ikagota ukingo wa kulia ambako weupe hupoteza kila kitu. Zamani za filamu kazi hii ilikuwa ya kichwani. Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer walibuni mfumo wa kanda mnamo 1939 na 1940, wakiugawa mwanga katika ngazi kutoka weusi kamili hadi weupe kamili, ili mpiga picha aamue mapema kila sehemu ya mandhari itue kwenye ngazi ipi. Bado naona huo ni mtazamo bora kabisa wa kuingia nao msituni. Kabla ya kupiga najiambia: shina la mbele liwe jeusi lakini mistari ya gome isomeke, na weupe wa nyuma ubaki na uhai kidogo. Halafu ndipo naipanga kamera.

Jua linapoanza kupenya, miali inajitokeza kati ya matawi. Inaonekana vizuri zaidi ukitazama upande lilikotoka jua, kwa kuwa matone ya ukungu husukuma sehemu kubwa ya mwanga mbele, karibu katika mwelekeo uleule uliokuwa ukienda. Ukiligeuzia jua mgongo, miali hiyohiyo inakuwa hafifu mno. Mimi husimama mahali ambapo shina limelifunika jua lenyewe. Kwenye picha miali inaonekana kama inatawanyika kutoka sehemu moja, ingawa kwa kweli inasafiri sambamba. Dakika hizi ni chache, na inafaa uwe umeshajua mti wako.

Siku isiyo na ukungu, chaguo langu la pili ni mawingu. Jua kali la mchana hutupa vipande vya mwanga juu ya majani huku mashimo ya kivuli yakibaki meusi, na tofauti kati ya viwili hivyo mara nyingi inazidi uwezo wa faili moja kuihifadhi. Wingu linausambaza mwanga, na kivuli kinajaa taratibu. Tatizo linabaki moja tu: anga nyeupe inayochungulia kati ya matawi ya juu. Jicho hukimbilia weupe huo kabla ya kitu kingine chochote. Napanda mahali palipoinuka, naielekeza kamera chini kidogo, na anga inatoka kabisa kwenye fremu. Picha za msitu zisizo na anga zina utulivu ambao sijaupata kwa njia nyingine.

Kijani

Sikutarajia rangi moja iwe somo zima. Sensa nyingi za kamera, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga kwa vitone vidogo vidogo, zimefunikwa na kichujio alichokibuni Bryce Bayer akiwa Kodak, chenye hataza ya mwaka 1976: nusu ya vitone hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa kuwa macho yetu yana usikivu mkubwa zaidi kwa kijani. Kamera inakikusanya kijani vizuri, basi. Kazi ni kukifanya kisiwe kimoja. Jani changa lina umanjano ndani yake, jani lililokomaa linaelekea bluu, na lililoangazwa kutoka nyuma ni kitu kingine kabisa. Ninapohariri sigusi kitufe cha kuongeza ukali wa rangi zote. Nashusha ukali wa kijani kidogo na kusogeza umanjano peke yake, na majani yanaachana.

Mizani ya rangi, mpangilio unaoiambia kamera mwanga una rangi gani, naiweka mwenyewe. Kivulini nuru huwa ya kibuluu, na kipimo cha kelvini 7,000 hivi huipasha joto, lakini chini ya majani mazito mwanga unashuka ukiwa umeshachujwa na majani yenyewe, na ngozi ya mti inapata rangi ya kijani isiyo yake. Huwa naangalia gome la kijivu kama kigezo. Kwa kuwa napiga faili ghafi, yaani data ya sensa kabla kamera haijaichakata, naweza kurekebisha baadaye bila hasara. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, ina 256.

Kifaa kilichobadilisha picha zangu kuliko lenzi yoyote ni filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kupunguza mng'ao. Majani yana nta juu yake, na nta hiyo inaakisi anga. Tazama kangaga lililoloa baada ya mvua: juu ya kila kijijani kuna utando mweupe unaong'aa. Zungusha pete ya filta polepole, na utando unaondoka jani baada ya jani, kijani cha chini kinatokea kikiwa kimekolea, hata mishipa ya jani inahesabika. Programu ya kuhariri haiwezi kurudisha rangi iliyofunikwa na mng'ao, kwa sababu haikuingia kwenye kamera. Gharama yake ni stopu 1 hadi 2 za mwanga, na chini ya miti mwanga ni adimu tayari. Kwenye kijito siizungushi hadi mwisho. Maji yakipoteza mng'ao wote yanakosa uhai, kwa hiyo naacha sehemu.

Katika kipindi hiki nimetazama sana kazi za Eliot Porter (1901–1990), Mmarekani aliyesomea udaktari na kufanya utafiti Harvard kabla ya kuhamia kwenye kamera moja kwa moja. Alipiga misitu kwa rangi wakati wapiga picha wengi waliothaminiwa waliamini sanaa ni nyeusi na nyeupe. Anachonifundisha ni ujasiri wa kupunguza: majani machache, kipande cha gome, maji yanayoakisi jani la njano, na fremu imejaa.

Mipangilio nitaipitia haraka. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga naliweka f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linabana), maana likibanwa hadi f/22 mwanga unapinda kwenye kingo na picha nzima inapoteza ukali. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 100 au 200 nikiwa kwenye tripodi hewa ikiwa tulivu. Upepo ukitikisa majani, napandisha ISO bila kusita hadi shata, muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe fupi kama 1/125 ya sekunde au zaidi, kwani chembechembe za ISO zinavumilika kuliko jani lililofifia kwa kutikisika. Kijito napenda kukipiga kwa shata ya nusu sekunde: maji yanalainika lakini michirizi ya mkondo inabaki.

Jambo moja ambalo nalipa uzito: sitoki nje ya kijia kwa ajili ya pembe nzuri. Mizizi mingi midogo inayonyonya maji iko kwenye sentimita 30 hivi za juu za udongo, na udongo ukikanyagwa na kushindiliwa, hewa na maji havipiti. Wapiga picha kumi wakisimama palepale penye pembe nzuri, mti ndio unaoumia. Matawi siyavunji wala siyafungi pembeni. Tawi likiniziba, nasogea mimi, au naiacha picha hiyo.

Nilipo sasa

Nimeanza kuchapa. Faili yangu ya vitone 6,000 kwa 4,000, ikichapwa kwa vitone 300 kwa inchi, inatoa karatasi ya takriban sentimita 51 kwa 34, na kwa ukubwa huo kila upenyo kati ya mashina unaonekana wazi. Skrini inatoa nuru yake yenyewe, karatasi haitoi, kwa hiyo kijani kilichokolea kinatoka cheusi. Napunguza mwangaza wa skrini kabla ya kuhariri na kuinua vivuli kidogo kwenye nakala ya kuchapa. Karatasi isiyong'aa inafaa picha za ukungu, ile yenye mng'ao kiasi inashika vizuri zaidi weusi wa gome. Kazi ninayoifuata ni kuchapa ule mti ulioinama kwenye karatasi zote mbili, kwa faili ileile, na kuzitundika pamoja mahali penye mwanga wa dirishani.