Mjomba hakuwa baba kwenye fomu ya mkopo

Nililelewa na mjomba tangu nikiwa darasa la pili. Ndiyo maana nilipofungua fomu ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu mwaka 2022, sehemu ya taarifa za wazazi ilinikalia kooni. Baba marehemu, mama yupo kijijini Korogwe analima, na aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita ni mjomba.

Kijana wa steshenari hakuona tatizo. "Dada, andika wote wamefariki, utapata asilimia mia." Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akadakia kwamba mjomba ndiye nimwandike baba. Msimu wa maombi washauri huwa wengi. Lakini cheti cha kuzaliwa kina majina ya wazazi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanakihakiki kabla hujakipandisha kwenye mfumo. Cha kifo vilevile. Ukimuua mama kwenye karatasi, utadaiwa cheti chake.

Nikajaza kama ilivyo. Mjomba nikamweka mdhamini, na picha yake na kitambulisho. Hakufurahi. "Yaani mimi mdhamini tu?" Nikamweleza kwamba nikikimbia na deni, atakayetafutwa ni yeye. Akacheka: "Kumbe mzigo wa baba nimeachiwa, jina ndilo nimenyimwa."

Kilichonisumbua hasa ni cheti cha kifo. Baba alifia nyumbani, karatasi ya hospitali haikuwepo, na kama misiba mingi ya kijijini, hakuna aliyewaza kwenda kusajili. Mimi na mama tukaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua. Akauliza tarehe.

"Ilikuwa Alhamisi, Mfungo Sita, Maulidi hata haijafika," mama akasema.

"Mwaka gani, mama?"

"Ule Jumaa alioanza darasa la kwanza."

Mtendaji akaweka kalamu chini. Tukaanza kurudisha nyuma madarasa ya mdogo wangu Jumaa, hadi mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akasema huo ni mwaka uliofuata baada ya Kikwete kuchaguliwa mara ya pili. Basi 2011. Mtendaji akatoa simu, akatafuta Maulidi ya mwaka huo ilikuwa lini, akarudi hadi Alhamisi iliyotangulia: tarehe 10 Februari. Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba aandikiwe pembeni naye abaki nayo.

Barua ilipokamilika niliisoma herufi kwa herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, mtendaji aliandika Ramadhan. Irabu moja hiyo ingetosha kunirudisha kijijini, ikaandikwa upya palepale. Kutoka hapo ni kwa msajili wa wilaya, kisha uhakiki wa RITA, kisha fomu kuchapishwa, kusainiwa serikali ya mtaa na kwa hakimu, na kurasa zenye saini kuskaniwa.

Kama mzazi wako alifariki na cheti hakipo, anza kukifuatilia hata kabla ya matokeo ya kidato cha sita, maana dirisha la maombi halikusubiri. Nakala ya cha baba nimempa Jumaa. Wakati huo alikuwa kidato cha tano, fomu yake inakuja.